Jedwali la Maumivu

Trieste. Hakimu anapitisha kidole kwenye jedwali
kama muuza viatu anayetafuta saizi:
miaka hamsini na mmoja,
mkono wa kulia,
pointi kumi na nne.

Ondina wa kiwanda cha mkate
ameulizwa analala saa ngapi,
anameza vidonge vingapi,
kama anaweza kufunga vifungo.
Unga haukutajwa,
wala vile vidole visivyopo
vinavyowasha alfajiri, saa ya kukanda.

"Ungekuwa kijana," wakili ananong'ona,
"wangekuongezea."

Anacheka, kicheko cha kukatika.
Kumbe uchungu ni samaki:
ukichelewa sokoni, bei inashuka.

Kisha anatia saini kwa kushoto.
Jina linapinda, linayumba,
kama la mtoto wa darasa la kwanza.