Utenzi wa Koti la Kanali

Mimi si mtu wa wino,
riziki yangu sindano,
uzi, pasi na mkono,
na cherehani dukani.

Hapa Oromokto niko,
Tanga nimeacha jiko,
baridi haina mwiko,
hushika hadi mbavuni.

Wateja wangu askari,
huleta vyeo tayari
nivishone kwa mstari,
vikae sawa begani.

Mwaka tisini na mbili,
aliingia Aprili
msichana mwenye mwili
mrefu hadi darini:

Luteni Odessa Gero,
binti wa mji wa Truro,
baba mzibua karo,
mama dobi hotelini.

Koti lilikuwa baya,
la mwanamume, lapwaya;
akasema bila haya,
"Niopoe guniani."

Nikamuuliza, "Wewe
umetumwa na mwenyewe?"
Akanijibu, "Mwenyewe
ndiye huyu viatuni."

Kikosi cha wahandisi
hakikumpa nafasi;
kilimwona kama kesi,
wa kike wa kwanza ndani.

Choo cha kike hakuna,
hufuata mbali sana,
usiku hata mchana,
kwa miguu thelujini.

Daraja la kuelea,
vipande akipokea,
chuma kikimlemea,
maji yako kiunoni.

Kifaru kilipovuka
daraja lisilo shaka,
wale waliomcheka
wakatazama mtoni.

Kapteni alipokuwa,
utepe kaongezewa,
dola hakupunguziwa:
urafiki si thumuni.

Kisha akaja mnene.
"Nipe," kasema, "jingine;
vifungo vyote vinane
havikutani tumboni."

Ghalani wakatafuta,
la mimba hawakupata;
hema bovu nikakata,
nikatia ubavuni.

Mwaka wa pili wakaja
makarani, si mmoja,
kulipima. "Mama, ngoja,
malipo yako njiani."

Kisha wakampeleka
nchi iliyovunjika,
mabomu yalozikika
mashambani na njiani.

Alichimbua kwa kucha,
kutwa nzima na kukucha;
siku moja alimwacha
sajini wake shimoni.

Aliporudi, kakaa
kitini kwangu masaa,
akikunja kitambaa,
chai baridi mezani.

Sikumwuliza lolote.
Nilizima taa zote,
wateja nao wapite,
na kufuli mlangoni.

Umeja ulichelewa,
wadogo zake wapewa;
kila mwaka aambiwa,
"Bado kidogo, foleni."

Akaja akiwa moto:
"Wote nimevusha mito,
leo naitwa mtoto,
nisubiri ukingoni!"

Miaka sita kupita,
"Kanali" wakaja mwita;
kikosi kile kapata
kilichomwona mgeni.

Amri yake ya awali:
choo cha kike cha kweli,
chenye taa na kufuli,
kisiwe tena mbugani.

Jana amekuja tena,
mvi tele, fimbo hana,
koti lake kalibana
kwapani kama zamani.

"Bandua vyeo," kasema,
"nimestaafu mzima;
nilivae nikilima
viazi vyangu shambani."

Nyuzi zangu nikatoa
moja moja, bila doa;
tepe zote nikang'oa,
zikalala sahanini.

Koti lilishapauka
kwa jua la kila mwaka;
penye tepe pamewaka
kijani cha ujanani.

Nikamwonesha. Kagusa
pale pale, kapapasa,
kisha akalipa pesa
kamili, hadi thumuni.

Tepe hakuzichukua.
Nami, Mungu anajua,
sauti sikuinua:
ziko bado sahanini.