Jicho Lenye Pazia

Macho hayana pazia, walisema waliotangulia.
Hawakuwahi kusimama kwenye kaunta ya Wandeba,
Barabara ya Kumi, mjini Mbale,
ambapo jicho lina pazia
na pazia lina hesabu:
limefunguka na kujifunga mara elfu tisini na mbili.

"Bado lina nguvu," Wandeba anasema,
akibofya hewani, tak, tak,
kama kondakta anayetoboa tiketi.
Elfu tisini na mbili na moja. Na mbili.
Wandeba, unanipunguzia.

Laki tisa. Nimezitoa kwenye kopo la maziwa ya unga,
miezi kumi na minne ya zamu za usiku
katika chumba cha kumbukumbu, hospitali,
nikipanga mafaili ya watu ambao sura zao sijaziona.
Labda ndiyo sababu.
Dada yangu Khainza huuliza, utakula picha?
Simjibu. Nilimjibu mwaka jana, hakusikia.

Kwenye rafu ya juu, chini ya taa yake peke yake,
bodi mpya, milioni mbili na laki nne:
inaona gizani kama paka,
inafuata jicho la ndege hata ndege akigeuka.
Imekuja na lenzi ya plastiki, nyepesi kama kikombe cha sherehe,
ambayo jua likizama tu inaomba ruhusa ya kulala.
Sako wangenikopesha. Kukopa harusi,
na matanga yake nayajua:
nililipia friji ya kaka yangu
miaka miwili baada ya friji yenyewe kufa.

Chini yake, lenzi ndefu, milimita mia tatu.
Naipachika, naielekeza mlangoni.
Mlima Wanale unakuja wote mpaka kaunta,
maporomoko yake, uzi mweupe mmoja mmoja,
hata mwanamke anayeanua nguo kule juu,
ya kijani, kisha ya njano,
naye hajui kwamba nimeingia uani kwake.
Nairudisha.
Si kwa bei tu.

"Basi hii," anasema, kwa sauti ya mtu
anayemwoza kitinda mimba.
Hamsini. Haivuti, haisukumi.
Ukitaka karibu, tembea.
Tundu lake hufunguka hadi moja nukta nane,
na kwa tundu hilo mshumaa unatosha,
simu inatosha,
makaa ya muuza gonja yanatosha.
Naimulika kwa tochi: vumbi, sawa;
na pembeni, uzi mwembamba kama unyusi wa mtoto mchanga.
"Kuvu," nasema.
"Pambo," anasema.
Pambo hilo limeshusha bei kwa elfu arobaini.

Rahisi ni ghali, najua.
Lakini ghali nayo ni ghali, na hilo halina methali.

Bodi kuukuu, laki tano na nusu.
Jicho, laki tatu na elfu ishirini.
Kadi ya kuhifadhia, elfu ishirini na tano.
Inabaki elfu tano: roleksi ya mayai mawili,
na miguu yangu mwenyewe hadi Namakwekwe.

Mpira wa bodi umelika
pale kidole gumba cha mtu nisiyemjua kilipokaa miaka.
Naweka changu. Kinaenea.

Wandeba analowesha kidole, anahesabu noti zangu,
na kabla hajafika laki ya tatu nimeinua kamera,
nimerudi hatua mbili, nimegonga rafu ya redio,
nimebofya.

Ipo hapa, itazame.
Uso wake umeyeyuka, duka zima limekuwa ukungu.
Iliyotoka wazi ni noti moja tu, ya elfu moja,
iliyochanika pembeni na kubandikwa kwa gundi,
niliyodhani hataiona.

Elfu tisini na mbili na tatu.