Inchi Tatu

Theluji ya Madawaska imeziba dirisha la jikoni.
Odile kapiga magoti mbele ya meko,
futi mkononi, penseli sikioni;
jiko jipya la chuma lingali sandukuni.

Kijitabu chasema: inchi thelathini,
toka juu ya jiko hadi kwenye boriti.
Anapima. Ishirini na saba.
Anapima tena, polepole,
kama anayembembeleza karani.
Ishirini na saba.

Boriti aliichonga Fernand, mwaloni mtupu,
akaishusha, maana alikuwa mfupi,
apate pa kuegemeza kiwiko
na kiko chake kinachonuka.

"Umekufa na bado wanibishia,"
anaiambia mbao.

Halafu anaandika nyuma ya bahasha:
bati la kukinga, moja.
Msumeno anaurudisha stoo.