Kibao cha Kumi na Mbili

Treni ya asubuhi kutoka Jesenice ina mabehewa mawili tu.
Kiti changu kimechanika pembeni,
na mkata tiketi ananiuliza, kwa adabu, kama nimerudi likizo.
Namwambia ndiyo. Uongo mdogo hauvunji mkono.

Nimebeba begi moja, na ndani yake brashi tisa
ambazo hazijaonja rangi tangu Februari ya mwaka juzi.
Nilizipeleka Lizboni, zikaona bahari.
Nilizipeleka Oslo, zikaona giza la mchana.
Nilizipeleka Marakeshi, nikapiga picha milango ya watu
huku nikijiambia kesho, kesho, kesho,
kama mdaiwa anayemkwepa mwenye duka.
Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.
Niliokota nini? Sumaku za friji,
kikohozi,
na mwanamume mmoja mpole niliyemrudisha alikotoka.

Kisha handaki.
Kilomita sita na ushei chini ya mlima.
Dirisha linageuka kioo,
na uso unaonitazama ni wa baba:
kunjo lilelile kati ya nyusi,
la mtu anayetafuta neno na hataki kusaidiwa.

Baba hakuwa msafiri. Mara moja alifika Trieste
kununua buti, akarudi jioni hiyohiyo
akisema bahari ni nzuri ila haina pa kukalia.
Mchana alikuwa fundi wa reli, jioni mfuga nyuki,
na majira ya baridi, nyuki wakijibana pamoja kutunza joto,
alichora vibao vya mbele ya mizinga:
dubu na sungura wakimzika mwindaji,
shetani akinoa ulimi wa mmbeya,
mama yangu amepanda jogoo, anacheka.
Nilimuuliza, nikiwa na miaka minane, kwa nini.
Akasema: ili kila nyuki akirudi na mzigo
aujue mlango wake.

Nilipohitimu chuo nilimwambia, mbele ya wageni,
kwamba ile si sanaa.
Hakujibu. Alinikatia kipande cha pili cha mkate wa jozi.
Kile kipande nakitafuna hadi leo.

Februari ile, kaka yangu Blaž
alitoka kwenye theluji, akagonga mzinga mmoja baada ya mwingine,
akanong'ona: mwenyewe ameondoka, msihame, nipo mimi.
Mimi nilikuwa uwanja wa ndege nasubiri begi.
Begi lilifika. Mazishi sikuyawahi.

Sasa Blaž yupo stesheni, kofia mkononi,
amezeeka upande mmoja tu, upande wa jua.
Hanikumbatii. Ananipokonya mzigo.
Kwetu ni kitu kilekile.

Njiani tunazungumza bei ya sukari, goti lake,
paa linalovuja. Nyuma ya nyumba, mizinga kumi na miwili,
vibao kumi na kimoja.
Cha mwisho alikikuta darini akitafuta misumari:
kimepigwa randa, kimepakwa nyeupe, kitupu,
na nyuma yake, kwa penseli,
mwandiko wa baba unaoegemea kushoto:
*Neža, akipata muda.*

Ningependa kuandika kwamba nililia.
Nilisema baridi kali leo, tukaingia ndani.

Hii ni siku ya nne. Nimechora treni.
Mbaya. Magurudumu kama mayai,
handaki limekaa kama mdomo wa mlevi.
Tjaša, binti ya Blaž, ana miaka sita;
ameongeza nyuki dirishani, mkubwa kuliko behewa,
nami sikumfuta.
Blaž alitazama, akakuna shavu.
"Wataujua mlango?"
Sijui.

Aprili imeingia. Wanatoka mmojammoja,
wanageuka hewani, wanarudi nyuma kidogo,
wanakitazama kibao.
Nimesimama kando, vidole vya kijani,
koti bado sijavua.