Rula ya Karani

Daftari letu la ndoa na talaka lina safu sita:
tarehe, mume, mke, walii, mahari, sababu.
Nimelijaza miaka kumi na mmoja
juu ya duka la nyavu, Kirumba,
harufu ya dagaa ikipanda ngazi bila hodi
na kukalia viti kabla ya wateja.

Safu ya sababu ni nyembamba, upana wa kidole.
Humo nimeandika "kiburi", nimeandika "hawapatani",
nimeandika "hana uzazi" kwa mwanamke
aliyesimama mbele yangu na mimba ya miezi minne.
Karani haulizi.
Karani ana mwandiko mzuri, basi.

Kisha akaja Kuruthumu wa Mwaloni.
Lilikuwa giza la mwezi, taa zimejaa ziwani,
naye mikono inameta magamba hadi kwenye pete.
Akanipa karatasi ya pakiti ya sigara:
*Nimekuacha. Tatu. Usirudi Mabatini.*
Jina lake hata halikuandikwa.
Mumewe akafika nyuma, ana haraka,
akatupa mezani khanga moja na elfu ishirini.
"Kitoka nyumba hicho. Nipeni cheti."

Kuruthumu hakulia. Alifungua pindo
akatoa risiti, moja moja, kama anayeanika:
bati kumi na nane. Misumari. Mlango wa mninga.
Ujira wa vijana waliopandisha mchanga
ndoo kwa ndoo, mwamba kwa mwamba,
hadi kule ambako hata mbuzi hufikiri kwanza.
"Nyumba kaijenga nani?"
Hakumuuliza mume. Aliniuliza mimi.
Nikatazama safu zangu sita.
Swali halikuwa na pa kukaa.

Alhamisi ya wiki ileile
akaletwa binti, baibui la kuazima,
na chini yake soksi nyeupe za shule.
Umri? nikauliza. Baba mtu akadakia:
"Keshavunja ungo."
Sikuuliza ungo, mzee. Niliuliza miaka.
Binti akatazama soksi zake.
Mposaji, mwenye mitumbwi mitatu
na deni la baba mfukoni, akakohoa.

Usiku ule sikulala. Nilimkumbuka Bibi Mwamvua,
aliyetufundisha madrasa kwa ukali wa mkwaju;
ukikosea herufi, kiganja kinawaka.
Lakini akifika kwenye haki za watu
alishusha sauti, kama aliye na mgonjwa chumbani:
"Mola hamdhulumu mtu, wanangu.
Mkiona dhuluma, tafuteni aliyeshika kalamu."

Nikawasha taa, nikatazama vidole vyangu.
Wino haukuwa umetoka.

Asubuhi nilinunua rula, shilingi mia tano,
nikachora.
Safu ya saba: mke anasemaje.
Ya nane: walichochuma pamoja.
Ya tisa: miaka, kwa cheti cha kuzaliwa.

Sheikh Sudi alifungua daftari, akavua miwani.
"Nani kachora humu?"
Mimi, sheikh.
"Daftari hili tumeachiwa na wazee."
Na mistari yao ilichorwa na mtu, sheikh.
Tazama huu wa walii, umepinda.
Akautazama. Akaupitishia ukucha.
Chini mtu alikuwa akipigania bei ya nyavu,
na ugomvi ule ukaisha, ukaanza mwingine,
ndipo akasema: "Andika kwa penseli.
Kwa penseli kwanza."

Redio inasema sheria itajadiliwa kikao kijacho.
Imekuwa ikisema hivyo tangu nikiwa kigori.
Cheti cha yule binti hakijaletwa, nami sijaandika kitu;
kila Alhamisi baba huja, hukaa, huondoka.

Leo Kuruthumu amerudi. Mwezi umeandama mara mbili,
eda haijaisha, na safu yake i wazi.
Nikachonga penseli. Akaanza na bati.
Akaja kwenye mchanga, akaja kwenye usiku
aliokesha akigeuza dagaa mvua isiwaharibu
huku mwenzake amelala.
Nilipogonga ukingo wa karatasi nikainua mkono.
Akaweka kidole pale, chenye gamba moja kavu.
"Hujamaliza," akasema. "Geuza."