Masikio ya Kona

Kizota, saa nne usiku. Upepo unasukuma vumbi
chini ya mlango wa bati, linatua kwenye kioo cha kompyuta,
nami nalifuta kwa kiwiko
kila ninapotaka kujua kama ile ni nukta
au ni uchafu.

Si swali dogo. Nukta isipokutana na mwenzake
mstari haujafungwa,
na mstari usiofungwa hauna ndani wala nje:
mashine haitajua lipi dawati
na zipi takataka.
Nasogeza karibu, karibu zaidi, mpaka mguu wa benchi
unajaa kioo kizima kama barabara ya Singida,
na pale penye kona, pengo
jembamba kuliko unywele.
Nalifunga.

Madawati arobaini, ya shule ya Chihanga.
Mwalimu Ndahani alileta mchoro nyuma ya ratiba ya mitihani,
kalamu nyekundu, vipimo vingine kwa sentimita,
vingine kwa shubiri yake mwenyewe.
Nikamwomba anyooshe mkono mezani, nikaipima shubiri.
Ishirini na mbili na nusu.
Sasa mkono wake umo ndani ya faili
na mwenyewe hajui.

Dukani wameandika plaiwudi ni milimita kumi na nane.
Kalipa inasema kumi na saba na nusu, kasoro kidogo.
Naiamini kalipa.
Mwaka juzi niliamini duka:
rafu za muuza dawa wa Nkuhungu
zikacheza kwenye matundu yake kama meno ya kuazima,
nikakesha nikizipigia kabari.
Chiloleti, mwenye karakana, hakunigombeza.
Aliniwekea kabari moja juu ya kibodi, akaenda zake.
Ipo mpaka leo.
Faili ulileavyo ndivyo likatavyo.

Shiti moja, futi nane kwa nne.
Mguu huu naulaza hapa, ule kichwa-mguu,
kama tulivyolala watoto watano kitanda kimoja kule Mpwapwa.
Egemeo naligeuza liingie. Hapana:
nyuzi zimelala vibaya, mtoto akijitupa nyuma litapasuka.
Geuza tena.
Saa tano na robo nimeokoa shiti tatu.
Tatu nzima! Natoka nje kumwambia mlinzi.
"Hongera," anasema Mzee Lechipya,
bila kuuliza ya nini.

Kila kipande nakiachia vishikizo vinne, vidogo kama ukucha,
kisirushwe na kisu kabla ya saa yake.

Kisha kona.
Kisu ni duara. Hili Mwalimu hakuliuliza,
na mimi sikulisema.
Duara haliwezi kukata kona kali kwa ndani;
litaacha nyama kidogo pembeni,
na ulimi wa mbao, wenye pembe zake, utagoma kuingia.
Kwa hiyo kila kona naikata kuuzidi mstari,
kidogo tu, natoa sikio.
Kona kumi na mbili kwa dawati.
Mia nne themanini.
Ya mia mbili na kitu, umeme unakatika.

Nilikuwa nimehifadhi.
Najua nilihifadhi.
Nakaa gizani na kabari mkononi, nikisikiliza bati.

*

Wiki tatu baadaye, Chihanga,
Mwalimu anapitisha kidole juu ya meza, anasimama kwenye kona.
"Na haya maua?"
Nafungua mdomo nimweleze habari za duara,
lakini nyuma yake msichana wa darasa la pili
amekwisha kutoa njiti zake za kuhesabia
na anazichomeka: moja,
mbili,
tatu.
Sikio la nne limejaa unga wa mbao.
Nililisahau.
Anainama, analipuliza.