Kifungu cha Saba

Mikataba miwili mezani, Machomanne,
juu yake nimeweka kikombe cha kahawa
isije ikapeperushwa na feni.

Wa kwanza umetoka kwa wenye programu wenyewe.
Kurasa ishirini na sita, nembo ya buluu,
unaniita "Mshirika Mpendwa": jina langu hawalijui.
Thelathini kwa mia ni yangu, bei naipanga mimi.
Ila nilipe mbele, kwa dola,
leseni hamsini kabla ya Machi,
na Pemba nzima, ukihesabu kwa huruma,
wenye maduka wanaotaka daftari lao likae winguni
hawajafika arubaini.

Wa pili ni wa Shaame, Mlandege.
Kurasa tatu, muhuri umekwenda upande.
Yeye kanunua jumla, mimi nichukue kwake
moja moja, kama anunuaye sukari kwa kibaba.
Kumi na mbili kwa mia. Nilipe mwisho wa mwezi.
Ankara itatoka kwa jina lake.
Hapo ndipo paniumapo.

Mama anachambua karafuu ukumbini,
hajui wingu jengine ila la mvua.
Nikamweleza hata hivyo. Akasema:
"Baba yako mwaka ule alikodisha mikarafuu
ingali na matumba. Pesa tukazimaliza Mfunguo Pili.
Msimu ukafika, nikakaa dirishani
nikiwahesabia wengine pishi zao."

Basi niende moja kwa moja, nikasema.

"Mwaka wa pili," akasema, uso hakuuinua,
"tukachuma wenyewe. Mvua ikatukuta jamvini.
Karafuu yote ikawa mpeta,
na wachumaji wakataka ujira wao palepale."
Akapuliza makonyo kiganjani.
Hakuongeza neno.

Saa tano usiku, simu. Faki wa duka la dawa, Wete,
mteja wangu wa majaribio, bado halipi hata senti.
"Dada Asya, mashine inanidai nywila
na mimi nina mgonjwa mlangoni."

Nikawapigia wenye wingu.
Sauti ya kike, laini, ya kurekodiwa,
ikanishukuru kwa subira
ambayo sikuwa nimeitoa.
Halafu muziki. Dakika kumi na tisa za muziki,
salio likayeyuka.

Nikapiga Mlandege.
"Nani tena?" Sauti ya mtu aliyelalia sikio.
Nikasikia mtoto analia, mlango, swichi ya taa.
"Nisomee nambari. Polepole.
Hiyo ni sifuri au ni herufi?"

Faki akauza dawa.

Sisemi aliye karibu ndiye bora.
Mwakani Shaame huenda akanunua simu nyengine
na hii ya usiku akaizima.
Lakini asubuhi saini nimeitia kwake,
na kifungu cha saba, kile kisemacho
wateja wote ni mali ya muuzaji wa jumla,
nikakipiga mstari wa wino mweusi,
mara mbili, hata karatasi ikachanika.
Ule wa buluu sikuutupa.
Umo chini ya godoro, pamoja na hati ya shamba.

Adhuhuri akapiga.
"Asya, kifungu cha saba kimepatwa na nini?"
Kahawa ilimwagika, nikamwambia.
Akacheka,
si sana.